Mwendo wa Mheshimiwa

Kumsenga, Kibondo
5 Novemba 2023

Mpendwa Mjomba Pasikali,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo nyingi. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii? Sisi huku tu wazima. Maharage yameota vizuri kuliko mwaka jana. Bazilio wangu amepata kazi ya kujenga choo cha walimu, anarudi jioni mweupe kwa saruji. Mama mkwe wangu Winifrida anaumwa miguu tangu Jumatatu mpaka Jumamosi, ila Jumapili anafika kanisani kabla ya katekista.

Ninakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya nyumba hii ni ya mama mkwe, na mtandao unapatikana juu ya kilima cha kanisa tu, na yeye huongea kwa sauti ya spika. Barua nampa kondakta wa basi la Kasulu, anakuachia pale kwa muuza mikate.

Mjomba, nina shida na huyu punda uliyetupatia. Nilimpa jina Mheshimiwa, kwa sababu haharakishwi na mtu. Kumtoa mahali aliposimama ni mpaka umbembeleze. Akitoka, anatoka kwa kuruka. Akiwa kwenye hatua ukamwomba mchakamchaka, anajifanya hajasikia, mara ya tano anajirusha mbele mkokoteni mzima unashtuka. Ukimwambia apunguze, anasimama ghafla na mkokoteni unamgonga matakoni, halafu ananuna. Hana katikati kabisa.

Nataka ajifunze kubadili mwendo taratibu. Mwishoni mwa mwezi wa tatu nina mzigo wa kupeleka Kibondo mjini, vyungu, na havitakiwi kutikiswa hata kidogo. Gari halifiki kwetu tangu kalavati livunjike. Wewe umeendesha punda miaka ishirini, nifundishe.

Mpwa wako,
Verediana

*

Kasulu
21 Novemba 2023

Mwanangu Verediana,

Milele amina, na marahaba. Magoti yapo, yananikumbusha kila asubuhi kwamba ni yangu. Binamu yako Brighton amefaulu mitihani ya chuo cha ualimu, sasa anatusahihisha wote tukiongea. Mvua imebomoa ukuta wa jiko, nimeziba kwa bati.

Vyungu? Tangu lini wewe unafinyanga vyungu? Mama yako alikutuma udongo ukarudi na maua. Lakini sawa.

Huyo punda ni mvivu wa kuzaliwa, ila mvivu anafundishika. Kosa lenu ni kumgonga-gonga njia nzima. Ngozi inazoea, kama wewe unavyozoea maneno ya mama mkwe. Mwombe mara moja, kidogo, kwa sauti. Asipojibu, mwombe kwa nguvu mara moja, basi. Akijibu, nyamaza papo hapo. Ule ukimya ndio malipo yake.

Kuanza: usimwambie "twende" wakati minyororo ya mkokoteni imelegea. Mwache asogee nusu hatua mpaka iwe imekaza, ndipo umwambie. Mshtuko wote unatoka kwenye ule mlegeo.

Kutoka hatua kwenda mchakamchaka: kwanza refusha hatua. Mwache atembee kama mtu aliyechelewa ibada lakini hataki kuonekana anakimbia. Hapo ndipo unamwomba, na mchakamchaka unakuja wenyewe. Kurudi chini: usivute hatamu ukang'ang'ania. Kaza, achia, kaza, achia, kama unakamua nguo.

Weka ndoo ya maji kwenye mkokoteni, ijae mpaka ukingoni. Maji yaliyomwagika ndiyo yatakuambia umekosea wapi. Fanya dakika chache tu kila siku, siyo mpaka achoke.

Mzigo upakie nyuma, shingo yake iwe nyepesi. Na fimbo iacheni nyumbani. Fimbo inamfanya mwendeshaji kuwa mvivu wa mdomo.

Amahoro, amani kwenu,
Mjomba wako, Pasikali Nkunzimana

*

Kumsenga
14 Desemba 2023

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Tunamshukuru Mungu. Hongera kwa Brighton, mwambie barua hii asiisahihishe. Huku mahindi yamefika magotini, na panya wamefika kabla yetu.

Mheshimiwa anajifunza! Siku ya kwanza ndoo ilirudi na maji ya kunawia mikono. Leo imerudi na robo tatu. Ile ya kurefusha hatua kwanza ndiyo imemshinda ujanja. Masikio yanageuka nyuma, anasikiliza, mara unaona miguu imebadilika na hujui ni saa ngapi. Nilicheka peke yangu barabarani mpaka mama mmoja akauliza kama ni mzima.

Sasa Mjomba, kaa chini. Hakuna vyungu. Mzigo ni mimi.

Nina miezi mitano. Nilikuficha kwa sababu unajua kwetu, mimba ya mtu aliyekwisha kupoteza tatu haitangazwi, na siyo kwa mjomba, tena kwa barua. Hata mama mkwe hajui, nazunguka nimejifunga mashuka mawili. Bazilio tu ndiye anayejua. Ile ya mwisho ilikuwa ya miezi saba, nilipanda bodaboda kwenda Kibondo, na pale kwenye mawe nikasikia kitu kimeachia. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Daktari amesema mlango wa uzazi ni dhaifu. Nisitikisike, na ikifika wiki ya thelathini na sita niwe tayari nimelala pale hospitali. Hiyo ni mwisho wa mwezi wa tatu, matope yakiwa mpaka magotini. Gari hakuna. Bodaboda sipandi tena. Nimebaki na Mheshimiwa. Kwa hiyo nifundishe kama mtu anayejua mzigo ni nani. Nina miaka thelathini na nane, Mjomba. Sidhani kama kuna mara ya tano.

Verediana

*

Kasulu
22 Desemba 2023

Verediana,

Usipande mkokoteni huo. Nakuambia kama kaka wa mama yako. Muuzeni huyo punda, au mfungueni ale majani mpaka afe. Tafuteni wanaume wanane wakubebe kwa machela, kama wazee wetu walivyobeba wagonjwa. Nitaongea na paroko wenu kama unaona haya.

Usipande.

Pasikali

*

Kumsenga
16 Januari 2024

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo, isipokuwa mimi.

Barua yako ilikaa kwa kondakta wiki tatu, basi lilikwama na Krismasi ikapita. Ilipofika ikiniambia nisipande, mimi nilikuwa nimeshapanda. Ilikuwa mkesha wa mwaka mpya, mchana. Nilikaa nyuma, mahali ulipoelekeza mzigo ukae. Bazilio akaongoza. Tulikwenda hatua nzuri, laini kama kwenye mkeka. Njiani Bazilio akavunja tawi la mgunga la kufukuzia mbuzi wa jirani waliokuwa njiani. Alilinyanyua tu, hakumgusa. Mheshimiwa aliruka kama amechomwa. Nikaenda nyuma, miguu juu. Nilishika ubao kwa vidole viwili.

Nilitoka damu siku mbili. Ikakoma. Mtoto anacheza, asante Mungu. Mama mkwe ameshajua sasa, anapika uji saa zote na haongei, na kimya chake kinanitisha kuliko maneno.

Sasa nakuuliza. Wanaume wanane unaowasema wako wapi? Vijana wako Geita migodini. Waliobaki ni wazee wenye magoti kama yako, na ni kilometa kumi na tisa za mlima na utelezi. Wakiniangusha je?

Na unaniambia "muuzeni" bila sababu. Wewe ambaye barua moja ya punda unajaza kurasa mbili. Ulisema fimbo iachwe nyumbani, ukasema ni kwa ajili ya mdomo wa mwendeshaji. Ule haukuwa uvivu niliouona. Huyu mnyama anajua kitu kuhusu fimbo, na wewe unakijua.

Niambie.

Verediana

*

Kumsenga
9 Februari 2024

Mjomba, shikamoo.

Kondakta anaapa alimpa muuza mikate barua yangu mkononi. Muuza mikate anasema uliichukua siku hiyohiyo, ukasoma umesimama, ukaondoka ukaacha mkate wako. Kwa hiyo unayo.

Zimebaki wiki saba. Sina muda wa kukasirika, lakini nimekasirika.

V.

*

Kasulu
20 Februari 2024

Mwanangu,

Sijui kama bado unaitaka marahaba yangu. Hii ni karatasi ya sita, tano nimezichoma.

Mama yako hakuteleza mtoni.

Unakumbuka mwaka 2017, nilikuletea habari kwamba Immakulata ameteleza kwenye mawe akichota maji, akagonga kichwa. Ulikuja kumzika umebeba habari hiyo, na mpaka leo nasikia huvuki mto bila kuvua viatu. Ni mimi niliyekupa hofu hiyo, na ni ya uongo.

Tulikuwa tunatoka sokoni. Nilikuwa na magunia ya unga, mawingu yameshuka. Yeye alikaa nyuma, miguu inaning'inia, ananitania kuhusu kofia yangu. Punda alikuwa amesimama. Sikumwambia "twende", sikukaza mnyororo, sikufanya hata kimoja katika hayo ninayokufundisha. Nilikuwa na haraka ya unga. Nilimchapa kwa nguvu zangu zote, na akatoka kwenye kusimama kwenda mbio kwa mara moja. Nilisikia kicheko chake kinakatika. Nilipogeuka alikuwa chini, kichwa kwenye jiwe la barabara. Halafu nikamchapa punda tena, Verediana. Nilimpiga mpaka fimbo ikavunjika, kama vile ni yeye aliyekuwa na haraka.

Mto ulikuwa karibu. Nikasema mtoni. Hakuna aliyeuliza.

Tangu siku hiyo punda hataki kubadili mwendo akiwa na mtu nyuma yake. Watu wakasema mvivu, nikakubali, kwa sababu mvivu hana habari ya kusimulia. Akiona mkono umenyanyua fimbo anaruka. Nilikupa wewe kwa sababu sikuweza kumwangalia, na sikuweza kumuuza kwa mtu ambaye angempiga. Uliponiandikia vyungu nikasema afadhali, vyungu vikivunjika ni vyungu. Nikakuambia pakia nyuma. Mimi, na ninayoyajua, nilikuandikia nyuma.

Nataka kuja nikupeleke mwenyewe kwa miguu yangu, nikiwa nimeshika hatamu. Sema neno.

Pasikali

*

Kumsenga
4 Machi 2024

Mjomba,

Usije.

Sijamwambia mtu, hata Bazilio. Nimeisoma kule shambani, nikalala kwenye matuta ya viazi mpaka jua likahama.

Nijibu mambo matatu tu, sitaki mengine. Nikae wapi? Akiogopa, nifanye nini? Na anaweza kwenda mchakamchaka na mtu nyuma yake, au hawezi?

Verediana

*

Kasulu
8 Machi 2024

Verediana,

Kaa mbele, katikati, nyuma ya matako yake kabisa, magunia ya majani chini na mgongoni. Uso umtazame yeye. Miguu usiining'inize.

Akiogopa, masikio yatalala na hatua zitakuwa fupi. Usimvute. Ongea naye, neno lolote, sauti ya chini, mpaka hatua zirefuke. Hofu yake iko kwenye kutojua kinachokuja. Mjulishe kabla. Kila badiliko, mjulishe hatua tatu kabla.

La tatu sijui. Nikikuambia anaweza, nitakuwa nimekudanganya tena. Jaribu na Bazilio akae nyuma, na ile ndoo, kila siku. Mikono yenu iwe mitupu, aone viganja.

Pasikali

*

Hospitali, Kibondo
2 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Ninakuandikia nimekaa kitandani, mama mkwe ameenda kufua. Bazilio amerudi nyumbani kwa ajili ya palizi. Maharage tumevuna kidogo, yaliyobaki yameozea shambani kwa mvua. Magoti yako sijui, hukuyaandika.

Ilikuwa tusafiri tarehe ishirini na tano. Uchungu ulinishika tarehe kumi na saba, asubuhi, wiki mbili kabla ya ile ya daktari. Mvua ilikuwa imepiga tangu alfajiri. Bazilio alimfunga Mheshimiwa, akanipanga mbele kama ulivyosema, mama mkwe akakaa pembeni amenishika. Kwa wiki moja Mheshimiwa alikuwa amejaribu na Bazilio nyuma. Alikubali hatua. Mchakamchaka alikubali mara mbili tu, na siku zote hizo ndoo ilimwagika.

Kilometa kumi za kwanza tulikwenda hatua. Sikutaka zaidi. Nilikuwa nimeyatazama masikio yake, na nakuambia ukweli, nilimchukia. Nilijua mama aliyaona masikio hayohayo siku ile. Halafu maumivu yakaja karibukaribu, na chupa ikapasuka, na mama mkwe akaanza kusali kwa Kiha, kitu ambacho hafanyi mpaka mambo yaharibike. Bazilio akamwambia Mheshimiwa akimbie. Hakukimbia. Akamwambia tena. Masikio yakalala. Bazilio akaangaza macho pembeni ya barabara, nikaona anatafuta nini, akaokota.

Nilipiga kelele, Mjomba. Sijawahi kumpigia mume wangu kelele namna ile. Nikamwambia, "Tupa! Mama yangu alikufa kwa hiyo!" Ndivyo walivyojua, katikati ya matope, wote wawili. Bazilio alisimama na fimbo mkononi kama mtu aliyeshika nyoka, halafu akaitupa bondeni. Mama mkwe akaninyooshea mkono niushike, nikaushika.

Nikaanza mwenyewe kuongea na Mheshimiwa. Kwa sauti ya chini, ndiyo sauti niliyokuwa nimebaki nayo. Nilimwambia ninaogopa. Nilimwambia najua na yeye anaogopa, na najua nani alikosa, na siyo yeye. Bazilio akaja akatembea ubavuni mwake, viganja wazi. Hatua zikarefuka. Nikasema "sasa", nikahesabu hatua tatu, nikasema "twende". Akabadili. Sikusikia kitu chini yangu. Mjomba, sikusikia kitu, ila matope yanavyoruka kwa mpigo mwingine.

Alikwenda mchakamchaka mpaka kwenye lami. Kila mlima nilimjulisha, akashuka hadi hatua, akapanda tena. Getini mlinzi alitaka kutuzuia punda asiingie. Bazilio aliongoza tu mpaka mlangoni.

Ni msichana. Kilo moja na mia tisa. Alizaliwa dakika arobaini baada ya kufika, akakaa kimya, wakamsugua, akalia. Wiki mbili amelazwa kifuani kwangu ngozi kwa ngozi, na jana amenyonya mwenyewe.

Sasa ninayotaka kukuambia. Bazilio anataka aitwe Immakulata. Kaka zangu wametuma salamu wanataka hivyohivyo. Mama mkwe naye, ambaye ana jina lake la kugawa, amesema mpeni la bibi yake. Ilipaswa awe na jina siku ya nane, na siku ya nane imepita. Nimewaambia hapana. Siwezi kumpa mtoto jina la mtu ambaye ukoo mzima unasema aliteleza mtoni.

Sijakusamehe. Najaribu kulitafuta neno hilo ndani yangu, halipo bado, na sitaki kukudanganya. Lakini tarehe ishirini na moja tutakuwa nyumbani, na kaka zangu watakuja wote, Sylvesta kutoka Buhigwe na wenzake. Panda basi uje. Simama mbele yao useme kama ulivyoniandikia, fimbo, unga na kicheko, usiruke kitu. Sitasema kwa niaba yako, na Bazilio na mama yake wameniahidi kufunga midomo mpaka ufike.

Ukimaliza, nitakupa mtoto umshike, na wewe ndiye utakayemwita jina lake kwa mara ya kwanza. Usipokuja, sijui tutafanya nini. Kadi yake ya kliniki imeandikwa "mtoto wa Verediana" tu, na nesi ananiuliza kila asubuhi.

Mpwa wako,
Verediana